Petroli au Stima? Shauri Lililonitoa Jasho

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, niliitwa nyumbani kwa dada yangu, wala sikuambiwa la kuitiwa. Nilipofika nilimkuta ameketi mkekani, na mbele yake pana bangili mbili za dhahabu zimelala juu ya kipande cha leso. Mwanawe, ambaye huu ni mwaka wake wa sita akiendesha bodaboda hapa Mombasa, alikuwa amesimama mlangoni kama mtu angojaye hukumu ya kadhi.

“Mjomba,” akaanza, “nataka kuuza pikipiki yangu ya petroli nitwae ya stima. Yatakwa arbuni, kisha nitalipa kidogo kidogo kila siku. Mama asema hatoi kitu mpaka alisikie neno lako.”

Dada yangu akadakia: “Kaka, bangili hizi ni za marehemu mama. Kama zatoka, na zitoke kwa jambo la maana. Wewe ndiwe mtu wa magazeti. Twambie.”

Naam, mtu wa magazeti! Lau angaliniuliza vina na mizani ningalimjibu papo hapo, lakini mambo ya mota na betri ni bahari nyingine. Niliomba muda wa juma moja, nikamaliza kahawa yangu, nikaenda zangu. Niliyoyakusanya katika juma hilo ndiyo ninayomletea msomaji, kwani najua si nyumba ya dada yangu peke yake yenye shauri kama hili.

La kwanza lililonishangaza ni kwamba chombo cha stima si kigeni hata kidogo. Vijana hukizungumza kana kwamba kimezuliwa jana, ilhali mwaka 1899, huko Ufaransa, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy alipanda gari la umeme lililoundwa mfano wa kombora, akapita mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao hapana motokaa iliyopata kuufikia kabla yake. Mwaka uliofuata Marekani iliunda magari 4,192. Katika hayo, 1,681 yalikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na ya petroli yalikuwa 936 tu. Petroli ndiyo iliyokuwa mkia!

Basi nini kilichopindua mambo? Gari la petroli wakati huo liliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele ya injini, na hendeli ikirudi kinyume ilivunja mkono wa mtu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza magari yenye stata, kitu alichokibuni Charles Kettering. Na stata ni nini ila mota ndogo ya umeme? Yaani umeme wenyewe ndio ulioipa petroli ufalme. Mafuta nayo yalikuwa yamebubujika Texas tangu mwaka 1901, Henry Ford akawa anashusha bei ya gari lake la Model T mwaka baada ya mwaka, na betri za siku zile zilikuwa za risasi, nzito, zisizofika mbali. Gari la umeme likawekwa kando muda wa miaka mingi. Lililolirudisha barabarani ni betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, jamaa ya ile iliyomo ndani ya simu uliyonayo mfukoni.

Sisi wa Mvita tuna kumbukumbu zetu pia. Kabla ya motokaa kuzoeleka hapa, palikuwa na vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, vikisukumwa na watu kwa mikono, bwana mkubwa ameketi kivulini na msukumaji atiririkwa na jasho katika jua la mtana. Vigari hivyo vilikoma katika miaka ya 1920. Sijasikia mtu aliyevililia, ila labda wale waliokuwa wakila kwa kusukuma. Na hili nalitaja kwa sababu: mafundi wa gereji za pikipiki, ambao riziki yao ni kabureta na spaki plagi, leo wako mahali walipokuwa wasukumaji wale.

Tena, maadamu tumo katika vyombo na majina yake, tazama “gari la moshi”. Injini za mvuke zilikwisha zamani, lakini jina tumeling'ang'ania. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, hwenda kwa dizeli, kwa hivyo moshi wake upo na jina lasimama sawasawa. Wenzetu wa Tanzania waliianza reli yao ya umeme mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Wao hawana budi kutumia neno “treni”, kwani moshi wa kuliitia gari hilo haupo. Na mahujaji wetu wanayajua haya tangu mwaka 2010, ulipoanza ule usafiri wa treni za umeme baina ya Mina, Muzdalifa na Arafat. Aliyepata kwenda kabla ya hapo, akakaa ndani ya basi saa nyingi akivuta moshi wa mabasi mengine, hahitaji kuelezwa tofauti.

Tuje kwenye hesabu, kwani bangili haziuzwi kwa hadithi.

Injini ya petroli huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea kuwa joto; ifikayo kwenye gurudumu ni kiasi cha robo, au hata chini yake. Mota ya umeme hupeleka gurudumuni zaidi ya robo tatu ya kile ilichopewa. Pikipiki ya mpwa wangu hwenda kilomita kama 40 kwa lita, na katika siku ya kazi huzunguka kilomita 100. Ni lita mbili na nusu. Mwezi Septemba 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza katika nchi hii, zilikuwa shilingi 500 na zaidi kwa siku. Pikipiki ya stima hutumia kiasi cha uniti nne kwa masafa hayo hayo. Mwaka huo huo wa 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo, shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi na ada nyingine, na nusu yake katika saa za usiku. Nne mara kumi na sita ni 64. Hata ukizidisha maradufu kwa kodi na mengineyo, wafika 128. Fauka ya hayo hapana kumwaga oili, hapana plagi, hapana kabureta ya kusafishwa.

Lau dada yangu angaliisikia hesabu hii peke yake, angalizifunga bangili na kumpa mwanawe usiku ule ule. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini nilikwenda kwenye kituo kimoja cha bodaboda kule Kongowea, nikakaa na vijana wenye vyombo hivyo, na hapo ndipo nilipoona kwamba shilingi 64 si zake mpwa wangu.

Pikipiki nyingi za stima hapa haziuzwi na betri. Kijana hununua chombo, betri hubaki mali ya kampuni. Betri ikiisha, huenda kituoni akaiwacha, akapewa nyingine iliyojaa, kwa dakika chache tu, na hulipa kila anapobadilisha. Ni mpango mzuri, kwa sababu betri ndiyo ghali kuliko yote, na ikizeeka hasara si yake. Lakini katika bei ile mna stima, mna kodi ya kituo, mna mshahara wa mhudumu na bei ya betri yenyewe. Bado ni nafuu kuliko petroli, vijana wote walikubali hilo, ila si ile nafuu ya ajabu unayoiona kwenye karatasi.

Kijana mmoja alinieleza jambo lililonikaa moyoni. Mtoto wake aliugua, akachelewa malipo siku mbili. Asubuhi ya tatu chombo kilikataa kuwaka. Kilikuwa kimefungwa kutoka mbali, kwa mtambo, na hapana aliyekuja kumbishia mlango. “Mzee,” akaniambia, “petroli haikuulizi kitu. Ukiwa na hamsini wanunua ya hamsini, hata ya chupa. Hii yataka uwe mtu mwema kila siku.” Wenziwe wakacheka, lakini yeye hakucheka.

La pili ni masafa. Mpwa wangu hupata abiria wa Kilifi mara mbili tatu kwa juma, na hao ndio wenye fedha. Ni karibu kilomita 60 kwenda tu. Betri moja huweza kumfikisha. Kurudi ni mpaka apate pa kubadilisha, na vituo vimejaa mjini kuliko njiani.

La tatu ni stima yenyewe. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, taa zilizimika karibu nchi nzima. Ijumaa iliyofuata, tarehe 1 Septemba, Rais William Ruto alikuwa hapa hapa Mombasa akizindua pikipiki za stima. Sisemi kwa kejeli. Nasema kwa sababu juma moja halitoshi mtu kusahau kiza. Waama, petroli nayo hufungika: mwezi Aprili 2022 tulipanga foleni kwenye vituo vya mafuta na madumu mikononi, ingawa mafuta ya nchi nzima hupitia mlangoni petu Kilindini.

Pamoja na hayo, kwa upande wa umeme Kenya ina bahati ambayo si kila nchi inayo. Kiasi cha tisa kwa kumi cha stima yetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito, upepo wa Turkana na jua. Mahali ambapo stima huzalishwa kwa makaa ya mawe, mwenye chombo cha umeme amehamisha moshi tu kutoka kichochoroni kwake hadi kwa jirani wa mtambo. Kwetu moshi huo kweli umepungua. Na anayekaa Mji wa Kale, ambako dirisha la nyumba na paipu ya pikipiki hutazamana uso kwa uso, hahitaji mtaalamu wa kumweleza faida yake.

Lipo jingine ambalo sikulitaja mbele ya dada yangu ila sikuweza kuliacha nje ya makala haya. Betri nyingi za magari huhitaji madini ya kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, pande za Kolwezi, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Baadhi huchimbwa kwa mikono ndani ya mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana humo. Habari njema ni kwamba betri za namna nyingine, za chuma na fosfati, hazina kobalti, na sasa zimeenea katika mabasi na hata pikipiki nyingi. Anayenunua aulize ni betri ya namna gani. Swali halilipiwi.

Rai yangu, kwa hivyo, ni hii: kwa anayezunguka mjini, chombo cha stima kina nafuu, na mwenye kubisha aniletee hesabu yake. Kwa anayekwenda Kilifi, Mariakani na kwingineko, wakati wake bado haujafika. Norway mwaka 2024, karibu magari 89 katika kila mapya 100 yalikuwa ya umeme, lakini Norway ina vituo vya kuchajia kila upande, nasi hatujafika huko.

Nilirudi kwa dada yangu usiku wa ahadi. Nilimwomba mpwa wangu karatasi ya mkataba, nikajumlisha malipo ya kila siku, nikakuta yazidi bei ya taslimu kwa kiasi kisicho haba.

“Ziada hii,” nikamwuliza, “ni bei iliyotajwa na kukubaliwa tangu mwanzo, ama huongezeka ukichelewa?”

“Sijui, Mjomba. Walinionyesha pa kutia sahihi tu.”

Nilikuwa nimekwisha kumwuliza sheikh wa msikitini kwetu. Alisema kuuza kwa mkopo kwa bei kubwa iliyo wazi si vibaya. Lenye neno ni faini inayokua kwa kuchelewa, kwani hapo ndipo riba hupata mlango. Na ndani ya karatasi ile, kwa herufi ndogo mno, faini hiyo ilikuwemo.

Tukakubaliana hivi. Pikipiki ya petroli haiuzwi; itabaki kwa safari za Kilifi. Kijana arudi kwa muuzaji, ataje bei yote kwa maandishi, na aombe kifungu cha faini kifutwe. Akikubaliwa, itauzwa bangili moja, sio mbili, na kitakachopungua katika arbuni nitatoa mimi.

Dada yangu aliichukua bangili moja akaivaa mkononi pale pale. Ya pili aliifunga ndani ya leso. Hadi naandika haya muuzaji amekwisha kuitaja bei, lakini juu ya faini amesema angojewe, na leso ingali imefungwa.