Mgonjwa Aliyejibu Kila Swali

Daktari Antonio Damasio alimpa mgonjwa wake tarehe mbili za kurudi, zote za mwezi uliofuata, zikipishana siku chache tu. Achague moja. Mgonjwa akatoa shajara, akaanza kupima: siku ile ana shughuli nyingine, siku hii imekaribiana na miadi aliyokwisha kuiweka, halafu huenda hali ya hewa ikawa mbaya. Karibu nusu saa alitoa sababu juu ya sababu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kipuuzi. Waliokuwapo walijikaza wasimkatishe. Mwisho Damasio akamwambia kwa upole aje ile tarehe ya pili. Mgonjwa akakubali papo hapo, akafunga shajara, akaenda zake.

Mimi ni muuguzi. Nimewapangia watu tarehe za kurudi kwa miaka mingi, kwanza wodi ya upasuaji, baadaye kliniki ya wagonjwa wa nje. Ukimuuliza mtu Jumanne au Alhamisi, anakujibu hata kalamu hujaishika vizuri. Tangu nisome kisa hiki sijaacha kukifikiria.

Kilitokea Iowa, Marekani, wakati wa baridi kali. Siku moja kabla, mgonjwa huyo huyo alikuwa ameendesha gari kwenye barabara iliyoganda barafu. Gari la mbele yake liliteleza, dereva wake akataharuki, akakanyaga breki, likapoteza mwelekeo na kutoka nje ya barabara. Yeye akapita palepale kwa utulivu, akifuata kanuni za kuendesha kwenye barafu moja baada ya nyingine. Sehemu ya ubongo wake iliyo chini ya paji la uso, juu kidogo ya macho, ilikuwa imeharibika. Hofu haikumfikia barabarani, na kesho yake hakukuwa na chochote ndani yake cha kumwambia kwamba tarehe mbili zinazofanana hazistahili nusu saa.

Damasio alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1944, akasomea udaktari huko huko, kisha katikati ya miaka ya 1970 akahamia Chuo Kikuu cha Iowa pamoja na mkewe, Hanna, ambaye naye ni daktari na bingwa wa kusoma picha za ubongo. Kazi yao kubwa ilianza kwa njia ambayo muuguzi yeyote angeielewa: kukaa na wagonjwa, kuwasikiliza, kuwapima, kuwaita tena. Waliweka kumbukumbu za watu walioumia sehemu mbalimbali za ubongo, wakawafuatilia kwa miaka.

Mmoja wao Damasio alimpa jina la Elliot katika kitabu chake cha mwaka 1994. Elliot alikuwa na kazi nzuri, mke na watoto. Akaota uvimbe ndani ya kichwa, nyuma ya paji, ukafikia ukubwa wa chungwa dogo. Madaktari wakautoa pamoja na sehemu ya ubongo iliyokuwa imekwisha kuharibiwa. Akapona. Alizungumza vizuri, alikumbuka mambo, hesabu alifanya, akili yake ilipopimwa ilikuwa juu ya wastani. Lakini kazini akipewa nyaraka za kupanga aliweza kumaliza alasiri nzima akitafakari azipange kwa tarehe au kwa ukubwa. Akafukuzwa. Akaingia biashara na mtu ambaye marafiki zake walimwonya asimsogelee, akiba yote ikaenda. Ndoa ikavunjika, akaoa tena, nayo ikavunjika. Alipoomba malipo ya ulemavu alinyimwa, kwa kuwa wataalamu walimwona mzima.

Damasio alimpima akili, kumbukumbu, lugha, hata maswali ya lipi jema na lipi baya. Elliot alifaulu yote. Kilichomfungua macho daktari ni jambo dogo. Alitambua kwamba baada ya saa nyingi za kusikiliza habari za mgonjwa huyu, aliyeumia moyoni alikuwa yeye daktari. Elliot alisimulia maisha yake yalivyobomoka kama msomaji wa taarifa ya habari. Alipoonyeshwa picha za nyumba zinazoungua na watu wanaozama majini, alieleza kwamba zamani zingemgusa na sasa hazimgusi.

Hapo ndipo Damasio alipokwenda kinyume na alichofundishwa. Sisi tumelelewa kwamba hisia ni adui wa uamuzi. Hasira hasara, na mwenye busara hutuliza moyo kwanza. Damasio hakukataa kwamba jazba hupotosha. Alichosema ni kwamba mtu anapojifunza maishani, kila jambo linalompata huacha alama mwilini: tumbo kukaza, viganja kutoa jasho, moyo kwenda mbio. Siku akikutana na jambo linalofanana, mwili unatangulia kumwonya kabla hajamaliza kufikiri, na machaguo mengi mabaya yanaondolewa mezani mapema. Asiyepata onyo hilo lazima ayapime yote, na maisha hayatoi muda huo.

Nadharia ni rahisi kuitoa. Mwaka 1994 Antoine Bechara, akiwa na akina Damasio na Steven Anderson, alitengeneza mchezo wa kuijaribu. Mtu anakaa mbele ya mafungu manne ya karata, amekopeshwa dola 2,000 za mchezo. Afungue karata moja moja, kutoka fungu lolote, hadi aambiwe basi. Haambiwi kwamba mwisho ni karata ya 100. Mafungu mawili yanalipa dola 100 kila karata, mawili yanalipa 50. Ila yale ya 100 yana faini kubwa zilizojificha: ukifungua karata kumi umeingiza 1,000 na umetozwa 1,250. Yale ya 50 yanatoza kidogo, na kila karata kumi unabaki na faida ya 250.

Watu wazima wa afya huanza na mafungu yanayolipa sana, wanaumia, kisha polepole wanahamia kwenye yale yanayolipa kidogo. Wenye jeraha la chini ya paji wanaendelea kurudi kwenye hasara hadi wanafilisika na kukopa tena. Katika utafiti uliotoka 1997 watafiti walifunga vipimo kwenye mikono ya wachezaji kupima jasho dogo lisiloonekana kwa macho. Kwa watu wazima wa afya, kufikia karibu karata ya kumi, ngozi ilianza kujibu kila mkono ulipoelekea kwenye fungu baya, kabla mwenye mkono hajaweza kueleza kuna nini. Machale yalikwisha kuwacheza. Kwa wagonjwa, ngozi ilikaa kimya. Wapo waliofika mahali wakaeleza sawasawa mafungu mabaya ni yapi, na bado wakayafungua.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikamfikiria shemeji yangu, mume wa dada. Ni fundi magari. Alianguka na pikipiki akagonga kichwa, akalazwa siku chache. Wodini tunatumia kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa 1974: macho yanafunguka vipi, anajibu nini, viungo vinatii. Jina lako nani? Uko wapi? Huu mwezi gani? Alipata 15 kati ya 15, akaruhusiwa. Mwezi wa pili akauza kompresa ya gereji kwa bei ya kutupa na kumkabidhi pesa mtu ambaye mtaa mzima unamjua kwa utapeli. Nilimfuata.

"Shemeji, huyu bwana si ulinitahadharisha wewe mwenyewe?"

"Namjua, shemeji. Mwizi yule."

"Sasa?"

"Basi tu. Niliona nimpe."

Wapo ndugu waliosema karogwa, wengine wakasema kiburi. Hakupigwa picha ya kichwa, kwa hiyo siwezi kuapa ubongo wake uliumia wapi. Ninachojua ni kwamba maswali yetu yanapima fahamu, nayo ni maswali mazuri, yameokoa watu. Hakuna linalouliza kama mtu bado anaweza kuchagua. Mke wake ndiye mwenye jibu hilo, na kwa kawaida tunamwacha asubiri kwenye benchi nje.

Upande wa kujifunza, jaribio linalonivutia kuliko yote ni la 1995, la kundi lile lile la Bechara na akina Damasio. Wagonjwa walionyeshwa picha za rangi. Rangi moja ilifuatwa na honi kali ya kushtua. Mwanamke anayejulikana kwa herufi S.M. ameharibika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, pande zote mbili kwa ugonjwa adimu wa kurithi. Alieleza vizuri kabisa ni rangi ipi inaleta honi, ila mwili wake haukujifunza kuiogopa. Mgonjwa mwingine, aliyeumia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ngozi yake iliruka rangi ile ilipotokea, naye hakuweza kueleza kwa nini. Kujua kwa kichwa na kujua kwa mwili vilipita njia mbili. S.M. huyo huyo alipelekwa baadaye kwenye duka la wanyama linalouza nyoka, akamshika nyoka kwa udadisi, ingawa alikuwa amesema hawapendi.

Damasio hakuachwa bila kupingwa. Mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland waliurudia mchezo wa karata kwa maswali makini zaidi, wakakuta kwamba wachezaji mara nyingi wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Basi huenda mwili hautangulii kiasi hicho. Pingamizi hilo lina uzito. Ila halimponyi Elliot: aliyejua na bado akaangamia anabaki palepale. Mwaka 2005 Damasio na Hanna walihamia Chuo Kikuu cha Southern California, na kazi ikaendelea.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hawakumwona kwa macho. Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, alipigwa na baruti tarehe 13 Septemba 1848. Mtaimbo wa zaidi ya mita moja, wa kilo sita hivi, uliingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Aliishi, tabia ikageuka, waajiri wakamkataa. Mwaka 1994 Hanna na wenzake walilipima fuvu lake lililohifadhiwa Harvard, wakakadiria kwamba chuma kilipita sehemu ile ile ya chini ya paji. Husimuliwa kama mtu aliyeishia hapo. Lakini baadaye mtafiti Malcolm Macmillan alifuatilia maisha yake, na inajulikana kwamba Gage alikwenda Chile akafanya kazi ya kuendesha magari ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kabla hajafa mwaka 1860. Macmillan aliona kwamba kazi ile yenye ratiba isiyobadilika ilimrudishia mengi.

Dada yangu nilimsomea habari za Chile, si za mtaimbo. Sasa mumewe anafungua gereji saa mbili kila siku, na orodha ya magari ya siku imekwisha kuandikwa na fundi mwenzake, ambaye pia ndiye anayepanga bei. Pesa haitoki bila kaka wa shemeji kutia sahihi. Shemeji anashika spana, na injini aliyoifungua inafungwa siku hiyo hiyo.