Fahamu: Mzee mwenye demensia bado anajifunza

Wengi huamini kwamba mtu akishapata demensia, kilichobaki ni kumlisha na kumlinda asipotee. Ushahidi kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, unasema vingine. Huko, tiba ya kuchangamsha akili iliyobuniwa Uingereza, yenye vikao 14 vya kikundi kwa wiki 7, ilirekebishwa iwafae hata wasiojua kusoma, na utafiti uliochapishwa 2017 ukaonyesha nafuu katika kufikiri na hali ya maisha. Kwa wakulima wa Ufipa, mkoani Rukwa, funzo ni kubwa, kwa sababu ujuzi wa mikono mara nyingi hudumu kuliko kumbukumbu za jana. Bibi aliyesahau jina la mjukuu huenda bado anapepeta ulezi bila kumwaga punje. Babu huenda bado anajua nyasi zilazwe nene kiasi gani kabla ya kufukiwa kwenye ntumba, yaani tuta la kilimo la Wafipa. Basi mzee achague mwenyewe kazi ya kuanzia, halafu aongezewe jambo moja dogo.

Kuna watakaouliza: faida gani, ikiwa kesho atasahau? Tukio husahaulika, lakini utulivu liliouleta unaweza kubaki. Na muda je, msimu wa kilimo? Kazi yenyewe ndiyo somo, ingawa jembe na moto vinahitaji mtu wa karibu. Tiba ya kuchangamsha akili haiponyi demensia, na anayeuza dawa ya kuiponya anadanganya. Hata hivyo mzee apelekwe hospitali kwanza: usahaulifu mwingine hutokana na sonona, matatizo ya tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12, na huo huweza kutibika.