Busta ya breki inavuja: tengeneza au nunua nyingine?
Ukikanyaga breki ukasikia “sssss” isiyokwisha na pedali imekuwa ngumu, usikimbilie kununua busta. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini inanyonya hewa upande mmoja. Ukikanyaga, hewa ya nje inaingia upande wa pili na kusukuma. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 25, kwa tofauti ya nusu ya kanieneo ya hewa, kinakusaidia kwa nguvu kama uzito wa kilo 250.

Pima hivi: zima injini, kanyaga mara tano, shikilia pedali, washa. Isiposhuka kidogo, kagua kwanza mpira wa kunyonyea hewa na vali yake. Hivyo ni bei ndogo tu. Kiwambo kikichanika, basi badilisha busta: kiraka cha gundi kinaweza kuachia ukiwa mteremkoni.