Umeshika Job Dubai? Hiyo Digrii Lazima Izunguke Ofisi Kwanza

Kazi imeingia, mtaa mzima ushajua unahepa, mathe ameshaambia chama. Halafu mwajiri anatuma meseji moja: leta cheti cha digrii kikiwa kimethibitishwa. Hapo ndio wasee hukimbilia kwa mabroka wa tao.

Tulia kwanza. Karani wa Dubai hajui sahihi ya VC wako, na hawezi kupigia chuo chako simu. Kwa hivyo karatasi inapitishwa kwa msururu wa watu, kila mmoja akithibitisha sahihi ya aliyemtangulia. Kawaida unaanza na wakili wa kuthibitisha nakala, Wizara ya Elimu, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa UAE hapa Nairobi. Ikifika huko, wizara yao ya mambo ya nje inamalizia. Kama ni KCSE, KNEC nao wanahusika.

Hakuna hata mmoja hapo anayesema ulisoma vizuri. Anasema tu, "hii sahihi naijua." Ndio maana ukiruka ofisi moja unarudishwa, hata kama cheti ni orijino kabisa. Na ndio maana stampu ya broka hufa njiani: huenda ikapita kwa macho yako, lakini ofisi inayofuata ina sahihi za kulinganisha. Ikinaswa ukiwa tayari huko, kughushi hati ni kesi ya jinai, si ya kurudishiwa fare.

Kuna pia wale wanauza "apostille" ya Dubai. Hiyo ni hewa. Apostille ipo kweli, inatokana na mkataba wa The Hague wa 1961, na stampu hiyo moja inatosha, lakini lazima nchi inayotoa karatasi na inayopokea zote ziwe ndani. Oman na Saudia wamo. UAE na Qatar hawamo.

Kitu kingine: wacha kupeleka cheti saiba kikapigwe laminesheni. Stampu haishiki kwa plastiki, na kuibandua ni kurarua miaka minne yako. Cheki majina pia, yafanane na ya pasi yako herufi kwa herufi.

Ukienda na familia, cheti cha ndoa na vya watoto kuzaliwa vinapita njia hiyo hiyo, ila Wizara ya Elimu haihusiki.