Kompresa ya Kiyoyozi Inapokataa Kuwaka

Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi halimpi mtu nafasi ya kutafakari. Kiyoyozi kikianza kupuliza hewa isiyo na ubaridi, mwenye nyumba humwita fundi wa karibu, na wapo mafundi wenye jibu kabla hata hawajafungua kifuniko: gesi imekwisha. Mteja hulipa. Baada ya siku chache hali hurudi ilivyokuwa.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Kuijaza bila kuziba tundu ni kupoteza fedha. Isitoshe, gesi inapopungua, kompresa kwa kawaida huendelea kunguruma ila chumba hakipoi. Kompresa isiyowaka kabisa ni tatizo jingine, na isipokuwa kwa mashine zenye swichi inayoizima presha ikishuka, chanzo chake hutafutwa kwanza upande wa umeme.

Anza na rimoti. Hakikisha imewekwa kwenye ubaridi, na nyuzijoto ulizochagua ziko chini ya joto la chumba. Umeme ukirejea baada ya kukatika, viyoyozi vingi hungoja kama dakika 3 kabla ya kuwasha kompresa. Hiyo ni kinga, si hitilafu, na anayebonyeza kuwasha na kuzima kwa hasira huongeza tu muda wa kungoja.

Kisha toka nje usikilize. Ikiwa hata feni haizunguki, tazama sakiti breka. Ikiwa imejikata, irudishe mara moja tu. Ikijikata tena, iache mpaka fundi afike. Lakini feni ikizunguka huku kompresa ikivuma kwa sekunde chache, kisha ikanyamaza, washukiwa wakuu ni wawili: umeme mdogo na kapasita.

Umeme wa majumbani unakusudiwa kuwa volti 230. Mota ya kompresa ya kawaida inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokwisha kushika mwendo. Msongo ukiwa hafifu hukwama, hupata moto, na kinga yake ya ndani huikata. Ukiona taa zimefifia na majirani wanalalamika vivyo hivyo, zima kiyoyozi, toa taarifa TANESCO na utunze namba ya taarifa hiyo. Itahitajika iwapo lalamiko lako halitashughulikiwa na ukalazimika kulifikisha EWURA. Ikiwa taa zinafifia kwako peke yako, nyaya za nyumba zikaguliwe.

Kapasita ni kifaa kidogo, mara nyingi chenye umbo la kopo, kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Joto huidhoofisha, na pengine huvimba juu. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompresa, na hapa ndipo wateja wengi huumizwa: huuziwa kompresa nzima ilhali kilichokufa ni kikopo. Usiifungue mwenyewe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya mashine kuzimwa. Mwombe fundi aipime mbele yako. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi 35 na kupishana kwa asilimia 5, kipimo cha 25 kinatosha kuonyesha kwamba imechoka.

Kiyoyozi cha inveta hakitegemei kapasita ya namna hiyo. Kompresa yake huendeshwa na bodi ya kielektroniki. Kikionyesha herufi na namba za hitilafu, ziandike kabla hujakizima.

Fundi akisema kompresa yenyewe imeungua, mwombe vipimo. Kwenye kompresa ya kawaida ya nyumbani kuna ncha tatu za umeme. Zikipimwa mbili mbili, ukinzani mdogo wa aina mbili ukijumlishwa hukaribia ule mkubwa, na hakuna ncha inayopaswa kugusana na bodi la chuma. Asiyeweza kukuonyesha hayo hajathibitisha lolote, na una haki ya kutafuta fundi wa pili.

Kama dhamana ya muuzaji haijaisha, asifungue mtu mwingine yeyote. Kifaa kikibadilishwa, dai cha zamani pamoja na risiti inayotaja kifaa kipya na muda wa dhamana yake.