Leseni Mpya ya Lori Marekani: Uanzie Kampuni Gani?

Ukishapata CDL daraja A, yaani leseni ya malori makubwa, simu haitulii. Kila anayekupigia ana senti zake za kutaja: huyu 48 kwa maili, yule 55, mwingine anaongeza bonasi ya kusaini. Kwa Mkongomani anayetoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama Iowa, au Mkenya aliyechoshwa na kazi ya kulea wazee Dallas, hizo ni habari njema. Lakini mwaka wa kwanza hauamuliwi na senti. Unaamuliwa na deni uliloingia nalo, maili unazopewa kweli, na jina lililoandikwa kwenye kadi ya umiliki wa lori.

Tuanze na deni, maana wengi hulibeba kabla ya kushika usukani. Tangu Februari 7, 2022, anayetafuta CDL kwa mara ya kwanza lazima asome kwa mtoa mafunzo aliyeorodheshwa na FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia malori. Sheria hiyo haikuweka idadi ya chini ya saa za kuendesha. Mkufunzi akiridhika kwamba umeweza, basi umemaliza. Ndiyo maana shule ya wiki 3 na ya wiki 8 zote zina kibali kilekile, na ada zinatofautiana mno, kwa kawaida kati ya dola 3,000 na 10,000.

Kabla ya kutoa hata dola moja, nenda American Job Center iliyo karibu nawe uulizie fedha za WIOA. Ni mpango wa serikali ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, na ukikidhi masharti unaweza kulipiwa ada yote au sehemu yake. Fomu ni nyingi na majibu huchukua wiki kadhaa, lakini unatoka shuleni huna mtu anayekudai, na kampuni ya kwanza ikikunyanyasa unafungasha tu.

Anayesomeshwa na kampuni hana uhuru huo. Mafunzo huitwa ya bure, kisha unasaini kwamba utafanya kazi, mara nyingi mwaka mzima, na ukiondoka mapema utadaiwa maelfu ya dola. Mikataba hii hufanana kwa juu, kwa hiyo tafuta mstari mmoja: deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Chukua deni la dola 6,000 kwa miezi 12. Kwenye mkataba wa kwanza, ukiacha kazi mwezi wa 10 umebakiza dola 1,000. Kwenye wa pili unadaiwa 6,000 zote, na wanaweza kuanza kukata kwenye hundi yako ya mwisho. Mimi ningekubali senti 3 pungufu kwa maili ili nipate mkataba wa aina ya kwanza.

Sasa hizo senti. Kampuni A inatoa senti 55 kwa maili lakini inakupa maili 1,800 kwa wiki: dola 990. Kampuni B inatoa 46, maili 2,400: dola 1,104. Kwa hiyo muulize mwajiri madereva wake wa mwaka wa kwanza walilipwa maili ngapi kwa wiki miezi mitatu iliyopita. Akikujibu kwa neno “hadi”, kama “hadi maili 3,000”, hajajibu.

Uliza pia maili zinahesabiwaje. Ziko kampuni zinazolipa kwa njia halisi ya lori, na ziko zinazotumia kipimo cha zamani cha wahamisha mizigo ya nyumbani, kiitwacho HHG, ambacho hutoka mji hadi mji bila kujali ghala liko upande gani wa mji. Kwa kipimo hicho unaweza kupoteza maili kadhaa katika kila 100 ulizoendesha.

Halafu kuna kusubiri, na hapa ndipo mgeni anapoumia. Umefika ghalani saa 12 asubuhi, umerudisha trela mlangoni kwa jasho, taa nyekundu imewaka na unaambiwa ngoja. Kampuni nyingi hazilipi saa 2 za mwanzo. Ukikaa saa 5, unalipwa 3. Kwa dola 15 kwa saa ni dola 45. Wakati huohuo saa yako ya kisheria inakwenda. Unaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, na kifaa cha kielektroniki ndani ya lori kinarekodi kila dakika. Ukitoka hapo siku imeshaliwa. Wala usitegemee malipo ya muda wa ziada: sheria ya kazi ya mwaka 1938 inayoyalazimisha inawaacha nje madereva wengi wanaobeba mizigo ya majimbo mbalimbali.

Hata mwenye leseni yake mkononi huanza na mkufunzi, kwa wiki kadhaa. Kampuni nyingine humtaka mkufunzi abaki macho pembeni yako. Nyingine, baada ya siku chache, hukugeuza dereva mwenza: unaendesha usiku yeye amelala nyuma, kisha mnabadilishana na lori halisimami. Mzigo unafika haraka na kampuni inanufaika, ila wewe hufundishwi na mtu aliyelala. Malipo ya kipindi hiki huwa kiwango maalumu kwa siku au kwa wiki. Yaulize yakiwa peke yake, kwa sababu senti ulizoahidiwa huanza baadaye.

Nije kwenye lori “lako”. Mwezi wa pili au wa tatu utaambiwa: kwa nini uwe mwajiriwa wakati unaweza kukodi lori letu, ukalipa kidogo kidogo, mwishowe likawa lako? Kataa. Makato ya lori huja kila wiki, mzigo uwepo usiwepo. Dizeli ni yako: maili 2,500 kwa lori linalokwenda maili 6.5 kwa galoni ni galoni kama 385, na kwa dola 4 kwa galoni ni dola 1,540 kwa wiki moja. Tairi, matengenezo na bima nazo zakungoja, na anayekupangia mizigo ni yuleyule anayekudai. Ukishindwa, lori linarudi kwao na kupewa mwingine. Januari 2025 kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuu kuchunguza mikataba hii kilipendekeza Bunge la Marekani liipige marufuku. Anayetaka kuwa na lori lake aajiriwe kwanza, atunze rekodi safi ya miaka 2, kisha akanunue kwa benki au kwa fedha yake.

Njia ambayo Waswahili wengi wanaipita bila kuitazama ni kampuni za LTL, zinazokusanya shehena ndogondogo za wateja wengi katika trela moja. Old Dominion, kwa mfano, huwafundisha udereva wafanyakazi wake wa ghalani. Unaanza na kusukuma mizigo ghalani, kazi isiyo na fahari, lakini madereva wengi wa LTL hulala nyumbani. Mwenye watoto wadogo apige hesabu hiyo vizuri. Masafa marefu kwa kawaida hukupa takriban siku 1 nyumbani kwa kila wiki 1 barabarani. Kampuni ndogo za jamaa zetu nazo huvutia, ila bima zao mara nyingi hudai uzoefu wa mwaka 1 au 2. Anayekuchukua bila uzoefu wowote muulize bima yake inasemaje.

Mambo mawili ya sheria yanaweza kuharibu hesabu zote hizi. Tangu Juni 25, 2025, dereva akikaguliwa barabarani akashindwa kuzungumza na askari kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani, husimamishwa papo hapo. Na Septemba 2025 serikali ilitoa kanuni ya kubana leseni za CDL kwa wageni wasio wakazi wa kudumu. Raia na mwenye green card hawahusiki, lakini anayesubiri hifadhi au aliye na kibali cha kazi tu akaulize ofisi ya leseni ya jimbo lake kabla ya kulipa ada.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukipata fedha za WIOA, soma kwa hizo, kisha chagua mwajiri kwa maili anazotoa na siku za nyumbani. Ukizikosa, nenda LTL, hata kama utaanzia ghalani. Mafunzo ya kampuni yawe chaguo la tatu, kwa mkataba ambao deni lake linapungua kila mwezi. Lori la kukodi usiliguse mwaka wa kwanza. Na popote uendapo, omba nakala ya mkataba ukausome nyumbani na mtu anayejua Kiingereza cha mikataba; wakikunyima, kampuni nyingine zipo.