Kitabu Kilikuwa Ngao Yake



Kuna mama huniambia, "Mimi nikiomba bila kitabu, mawazo yanakimbia shambani." Wenzake humcheka. Msimcheke! Hata mtakatifu mkubwa alikuwa hivyo hivyo.

Teresa alizaliwa mwaka wa 1515 katika mji wa Ávila, Hispania. Mama yake alipenda kusoma, akamwachia tabia hiyo, kisha akafariki Teresa akiwa bado msichana. Mwaka wa 1535 Teresa akaingia utawa wa Wakarmeli, na baada ya muda akaugua vibaya. Ndugu ya baba yake akampa kitabu cha kufundisha sala, cha mtawa Mfransisko Francisco de Osuna.

Kikamfaa sana. Aliandika kwamba kwa miaka kama 18 hakuthubutu kuanza sala bila kitabu, isipokuwa baada ya kukomunika. Kitabu kilikuwa ngao yake dhidi ya mawazo mengi. Mara nyingine kukifungua tu kulitosha.

Halafu, mwaka wa 1559, mahakama ya Kanisa iliyochunguza imani huko Hispania ilitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania vikaondolewa. Vya Kilatini vilibaki, lakini wanawake wengi hawakujua Kilatini, Teresa akiwa mmoja wao. Aliumia moyoni. Ameandika kwamba Bwana alimwambia asihuzunike, atampa kitabu kilicho hai.

Basi aliyenyimwa vitabu akaanza kuandika! Mwaka wa 1565 alimaliza kitabu cha maisha yake. Mwaka wa 1577, akiwa mgonjwa na kichwa kikimvuma, aliandika juu ya roho kama ngome yenye makao saba, ili masista wenzake wapate msaada katika sala. Alifariki mwaka wa 1582. Mwaka wa 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kumbe kusoma na kuandika si kazi ya ofisi tu. Ni dawa ya moyo pia. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Mjadiliane kikundini:
1. Ni maneno gani yaliwahi kukutuliza wakati wa msiba au ugonjwa?
2. Nani kati yetu angependa kusomewa, na nani atamsomea?
3. Tungeandika nini ili kiwafariji binti zetu kesho?